Pamoja na Dhiki: Furaha, Mateso na Imani katika Utendi wa Mwana Kupona na Al-Inkishafi

Ikisiri

Uhakiki wa ushairi wa kale wa Waswahili umezoea kuieleza imani kama ahadi ya malipo: mja huteseka leo ili afurahi kesho. Makala hii inadai kwamba Utendi wa Mwana Kupona haukubali mpangilio huo, na kwamba Al-Inkishafi, utungo unaotajwa mara nyingi kuwa kilele cha kuikana dunia, hauutimizi kikamilifu. Katika tungo hizo furaha na mateso hukaa mahali pamoja, na imani ndiyo inayoyapa mawili hayo nafasi ya kukaa hivyo. Hoja hii ina uzito kwa nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki ambazo sasa zinachagua matini za kufundishia Kiswahili.

"Baada ya" na "pamoja na"

Methali isemayo "Baada ya dhiki, faraja" husikika misibani, wodini na katika hotuba za viongozi. Kimuundo, ni methali ya wakati. Dhiki ina zamu yake na faraja ina zamu yake, na mtu aliye katika zamu ya kwanza hutakiwa kuvumilia mpaka ya pili ifike. Wahakiki wengi wameichukua ratiba hiyo na kuifanya kanuni ya kusomea tendi zote zenye maudhui ya dini. Wale wa mwelekeo wa kimapinduzi, hasa katika miaka ya 1970 na 1980, waliiona kuwa dawa ya usingizi iliyotengenezwa na mamwinyi kwa ajili ya wanyonge. Wale waliotaka kuitetea dini walikubaliana nao kuhusu ratiba yenyewe; walichobishana nao ni kama malipo yatakuja kweli.

Ratiba hiyo, hata hivyo, haitoki moja kwa moja katika chimbuko ambalo washairi wa pwani walilelewa nalo. Sura ya 94 ya Kurani, ambayo watoto wa chuoni huihifadhi mapema kwa sababu ya ufupi wake, inataja uzito na wepesi mara mbili mfululizo, na mara zote mbili neno linalounganisha ni ma'a, yaani "pamoja na". Si ba'da, "baada ya". Wapo wafasiri waliosema kwamba ma'a hapo inaonyesha ukaribu tu: wepesi uko karibu mno na uzito hata ukaonekana kuwa umefuatana nao. Hoja yao ni ya haki, na kazi ya kuiamua ni ya wanazuoni wa tafsiri. Lakini mshairi hafungwi na uamuzi wa mfasiri. Mshairi husikia neno na kulifanyia kazi, na neno alilolisikia Mwana Kupona tangu utotoni ni "pamoja na".

Kiswahili chenyewe kimechangia kuifanya imani kuwa suala la kungoja. Kitenzi kubiri-dhiki cha Waswahili ni "subiri". Katika Kiarabu mzizi wake unabeba maana ya kujizuia na kustahimili. Katika Kiswahili cha leo mtu huambiwa "nisubiri kituoni" bila ya mateso yoyote kukusudiwa. Maana imehama kutoka moyoni na kuingia kwenye saa. Mzizi uo huo umetupa pia "shubiri", mmea unaopigiwa mfano kwa uchungu wake, na pengine maana ya zamani imehifadhiwa vizuri zaidi huko kuliko katika kitenzi. Mtu aliyeonja shubiri anajua kwamba uchungu hauko mbele yake wala nyuma yake, uko ulimini.

Mwaka wa maradhi na miaka ya kicheko

Utendi wa Mwana Kupona ulitungwa mwaka 1858, nao una beti zipatazo mia moja. Mtunzi wake alikuwa mjane wa Bwana Mataka, mtawala wa Siyu katika kisiwa cha Pate, aliyefariki mwaka 1856 baada ya kuishi akipambana na masultani wa Zanzibar. Anamwambia binti yake, Mwana Hashima, asogee na alete wino na karatasi, kwa maana maradhi yamemshika mwaka mzima na hakupata nafasi ya kumpa neno jema. Mwana Kupona mwenyewe alifariki karibu na mwaka 1860. Usia huu basi ni wa mtu ambaye kesho yake ilikuwa fupi, na ambaye, lau angeifuata methali ya "baada ya", angekuwa na sababu zote za kuzungumzia Akhera peke yake.

Hafanyi hivyo. Baada ya kuwekea msingi haki tano ambazo binti atazichunga, za Mungu, Mtume, baba, mama na mume, anaingia katika mambo ambayo wahakiki wamekuwa wakiyapita haraka kwa aibu au kwa hasira: nywele zisukwe, wanja upakwe, hina isikosekane, vikuku na pete vivaliwe, nguo zifukizwe, asumini zitawanywe kitandani. Wasomaji wengi wa karne ya 20 waliona hapa mafunzo ya utumwa wa mke kwa mume. Ann Biersteker, katika makala yake ya mwaka 1991, alipendekeza utendi usomwe upya kwa kuangalia jinsi lugha yake inavyobeba mamlaka ya mwanamke anayesema. Pendekezo hilo lilifungua mlango. Lakini pande zote mbili za mjadala, wanaouona utiifu na wanaouona ujanja, zimeshughulika na swali la nani ana nguvu juu ya nani, na zimeliacha swali jingine ambalo matini inaliweka wazi: kwa nini mwanamke aliyelala kitandani mwaka mzima ayakumbuke maua kwa undani kiasi hiki?

Jibu limo katika beti anazozungumzia ndoa yake. Anasema aliolewa kwa furaha na kicheko, kwamba hawakugombana hata siku moja, na kwamba mume alipofikiwa na mauti alimkariria radhi zake huku akimkabidhi kwa Mungu. Kisha unakuja ubeti ambao ndio kiini cha utendi wote. Tangu siku ile hadi leo, anasema, hajanyamaza kulia kila akumbukapo pumbao lao na wingi wa mazoea yao. Kilio na pumbao vimo katika ubeti mmoja wenye vipande vinne vya mizani nane nane. Wala si kwamba pumbao lilikwisha ndipo kilio kikaanza. Kilio kinaendelea kwa sababu pumbao linaendelea kukumbukwa. Furaha ndiyo inayokilisha kilio, na kilio ndicho kinachoitunza furaha isipotee.

Ikumbukwe pia miaka hiyo ilikuwa ipi. Ikiwa mume alifariki mwaka 1856, ndoa iliangukia katika wakati ambapo Siyu ilikuwa ikishambuliwa na majeshi ya Sayyid Said kutoka Zanzibar na kuyarudisha nyuma. Kicheko kinachosimuliwa ni kicheko cha nyumba ya mtu aliye vitani. Utendi hautaji vita hata kidogo, na ukimya huo umewafanya baadhi ya wasomaji wauone utungo huu kuwa wa nyumbani tu, usio na habari za siasa. Ukweli ni kwamba hadhira yake ya kwanza haikuhitaji kuambiwa. Mwana Hashima alikulia ndani ya mambo hayo, na alijua vizuri kwamba asumini za mama yake zilichumwa katika mji uliozingirwa.

Nafasi ya imani katika haya yote ni ipi? Sehemu ya mwisho ya utendi ni dua ndefu. Mwana Kupona anaomba apone, anawaombea watoto wake, ndugu zake na Waislamu wote. Hapa ndipo usomaji wa "baada ya" ungetarajia kuona dunia ikiachwa nyuma. Kinyume chake, dua inarudia dunia nzima na kuikabidhi: watoto ambao bado ni wadogo, mwili unaouma, majina ya wapendwa. Kukabidhi, ambako washairi wa Lamu hukuita kufawidhi, si kukata tamaa. Aliyekata tamaa hana cha kukabidhi. Mwana Kupona anakabidhi vitu ambavyo bado anavipenda, naye anavikabidhi kwa sababu anavipenda, akiiga kitendo cha mume wake aliyemkabidhi yeye kwa Mungu miaka miwili kabla. Imani katika utendi huu haifanyi kazi ya kubadilisha machozi kuwa furaha. Inampa mtunzi mahali pa kuyasemea yote mawili kwa sauti moja, mbele ya mmoja asiyehitaji kuchaguliwa habari njema peke yake.

Umbo la utendi linausaidia usomaji huu, ingawa hoja isitiwe chumvi. Vipande vitatu vya mwanzo vya kila ubeti vina kina chao, na kipande cha nne hurudi kwenye kina cha bahari kisichobadilika tangu mwanzo hadi mwisho. Ubeti wa wanja na ubeti wa jeneza huishia kwa sauti moja. Msikilizaji aliyeusikia utendi ukighaniwa hupokea mfululizo huo sikioni kabla hajaufikiri.

Pate iliyong'aa

Al-Inkishafi ya Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir, iliyotungwa mwanzoni mwa karne ya 19, inasimama upande mwingine wa mizani. Mtunzi anauhutubia moyo wake na kuukemea kwa kughurika na dunia, kisha anauonyesha magofu ya Pate kuwa ushahidi. William Hichens aliuhariri utungo huu mwaka 1939, na tangu hapo umekuwa ukifundishwa kama utungo wa kuikana dunia. Ni kweli kwamba hilo ndilo kusudi lake lililotangazwa.

Lakini kusudi la mtunzi na mwenendo wa beti zake havilingani kila mahali. Mshairi anayetaka kuonyesha kwamba utajiri ni ubatili angeweza kuutaja kwa maneno machache na kupita. Sayyid Abdallah anakawia. Anawasha taa za fuwele na za shaba mpaka usiku unafanana na mchana; anapanga vyombo vya Kichina katika zidaka; anawapepea matajiri kwa mikono ya watumishi. Anafanya hivyo kwa jicho la mtu aliyeyaona magofu hayo na kuujua mji kwa sifa zake. Ndipo anapowaleta popo darini, bundi walie, na makinda ya ndege walale ndani ya zile zidaka. Kinachomfanya msomaji ahuzunike ni kwamba ndege wamelala mahali pa sahani, na sahani zilikuwa nzuri. Laiti zingekuwa mbaya, kusingekuwa na ushahidi wowote.

Kwa hiyo Al-Inkishafi inaihitaji furaha inayoikemea. Tofauti yake na Utendi wa Mwana Kupona ni kwamba Sayyid Abdallah ana wasiwasi na uhitaji huo, na katika beti zinazofuata, za kaburi na za Jahanamu, anajitahidi kuuzima. Kwa maoni ya makala hii hafanikiwi, na kutofanikiwa huko ndiko kumeuhifadhi utungo. Beti za Jahanamu ni nyepesi kusahaulika; ziko nyingi za namna hiyo katika ushairi wa kidini wa pwani. Zidaka zenye makinda hazisahauliki.

Wasiohesabiwa

Kuna jambo ambalo usomaji wowote wa tungo hizi mbili utakosa uadilifu ukilikwepa. Waliowapepea matajiri wa Pate hawana jina wala sauti katika Al-Inkishafi. Mwana Kupona naye anamwonya binti yake asichanganyike na watumwa isipokuwa wakati wa kazi. Uwiano wa furaha na mateso uliosifiwa hapo juu ni uwiano wa nafsi za watu wenye nyumba za mawe. Mateso ya mtumwa aliyebeba maji ya kuogea hayaingii katika dua, hata pale dua inapowataja Waislamu wote.

Hapa ndipo wahakiki wa kimapinduzi walipokuwa na haki, na haki hiyo haiondolewi na udhaifu wa ratiba yao. Inapasa hata hivyo kutofautisha mambo mawili. Kusema kwamba Mwana Kupona hakuliona pigo la mtumwa ni kusema ukweli kuhusu mipaka ya macho yake. Kusema kwamba kwa sababu hiyo machozi yake ni ya uongo, au kwamba imani yake ni pazia tu, ni kuruka hatua.

Ayubu na mkewe

Kisa cha Ayubu kingetarajiwa kuwa ngome ya "baada ya", maana Ayubu hupoteza yote kisha hurudishiwa. Utendi wa Ayubu, uliochapishwa na Alice Werner mwanzoni mwa miaka ya 1920, unafuata masimulizi ya visa vya manabii yaliyoenea katika ulimwengu wa Kiislamu. Katika masimulizi hayo mke wa Ayubu, Rehema, humuuguza, hufanya vibarua, na mwishowe huuza nywele zake ili apate chakula. Wasikilizaji wa pwani walimpenda Rehema pengine kuliko mumewe, na si vigumu kuona sababu. Ayubu anangoja. Rehema yumo ndani ya dhiki na anatenda jambo la upendo ndani yake, siku kwa siku, kabla malipo yoyote hayajaonekana. Kisa kina ratiba. Rehema anaishi nje ya ratiba hiyo.

Kisa hiki kina faida nyingine. Ayubu yumo katika Biblia na katika Kurani, ingawa husimuliwa kwa namna tofauti, na msomaji Mkristo wa Bujumbura au Bukavu hukutana naye kama mtu wa nyumbani. Hata jina la umbo lenyewe limekwisha kuvuka mipaka ya dini: Wakristo wa Kiprotestanti wa Afrika Mashariki huimba kutoka kitabu kiitwacho Tenzi za Rohoni bila kuona ugeni wowote katika neno "tenzi".

Kazimoto hana wa kumwambia

Riwaya ya Kichwamaji ya Euphrase Kezilahabi, iliyotoka mwaka 1974, inafaa kutajwa kwa ufupi kwa sababu mara nyingi huwekwa kama mwisho wa simulizi ambayo tendi ni mwanzo wake: waliamini, kisha wakaelimika, kisha wakakata tamaa. Kazimoto, kijana msomi, anajiua. Simulizi hiyo ya maendeleo ni rahisi mno. Mateso ya Kazimoto hayazidi ya Mwana Kupona kwa kipimo chochote kinachoonekana. Asicho nacho ni mtu wa kumkabidhi. Yeye husema peke yake, na furaha zake chache, kwa kuwa hazina pa kuwekwa, huoza na kuwa hoja dhidi yake. Kezilahabi hapendekezi dawa, wala haifai kumlazimisha apendekeze.

Matini za kufundishia

Rwanda iliifanya Kiswahili kuwa lugha rasmi mwaka 2017. Jumuiya ya Afrika Mashariki nayo imekipa hadhi ya lugha yake rasmi, na mwezi Julai 2022 baraza la mawaziri la Uganda liliidhinisha kifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na sekondari. Sudan Kusini na Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo nazo zimo katika Jumuiya. Vitabu vya kiada vinahitajika, na watakaoteua matini watakabiliwa na kishawishi kinachoeleweka: katika nchi zenye wanafunzi wa dini mbalimbali, yaachwe matini ya dini moja, yachukuliwe ya mawasiliano, biashara na mazingira.

Hasara ya uteuzi huo haitakuwa ya dini. Itakuwa ya lugha. Nchi kadhaa kati ya hizi zina vizazi vilivyopitia vita na ukimbizi, na wanafunzi wake watajifunza Kiswahili cha kuagizia bidhaa na kujaza fomu bila kukutana na Kiswahili cha mtu anayelia na kukumbuka mchezo katika pumzi moja. Wataachiwa methali ya "baada ya dhiki", ambayo ni fupi na hutoshea ubaoni, na ambayo mara nyingi humwambia aliyefiwa angoje.

Kishawishi cha pili ni cha ukataji. Mteuzi anayetaka ukurasa mmoja wa Utendi wa Mwana Kupona atavutwa na beti za kati, zile za mke na mume, kwa sababu zinazua mjadala darasani. Zikichukuliwa peke yake, utendi hugeuka kuwa kanuni za unyumba, na mwalimu hubaki na kazi ya kuutetea au kuushutumu. Beti za ufunguzi, za ndoa na kifo cha Bwana Mataka, na walau nne za dua, ndizo zinazomfanya anayesema awe mgonjwa, mjane na mama kabla hajawa mshauri. Ziandamane na sherehe ya maneno ya Kiamu chini ya ukurasa, kwa maana mwanafunzi wa Kampala au Juba hawezi kuyabahatisha, na maelezo mafupi yasiyoficha kwamba nyumba inayosimuliwa ilikuwa na watumwa. Kwa darasa lenye nafasi ya matini moja tu, beti za mke wa Ayubu zingefaa zaidi, na mwanafunzi aulizwe, kabla ya kufika mwisho wa kisa, Rehema anafanya nini siku ile anaporudi na mkate huku kichwa chake kikiwa hakina nywele.